Kabla Hujauamini Wastani Wako

Matokeo ya fomu ambazo wanafunzi hujaza kumtathmini mhadhiri humfikia akiwa ameshachoshwa na kusahihisha mitihani, na pengine ndiyo maana huuma kuliko yanavyostahili. Nimefundisha takwimu katika chuo kimoja hapa Mtwara kwa miaka tisa, miwili kati ya hiyo nikiwa mkuu wa idara, kwa hiyo fomu hizi nimezisoma nikiwa mtathminiwa na nikiwa mwenye kutoa uamuzi, na katika nafasi zote mbili nimekosea.

Katika mwaka wangu wa tatu niligawana kozi na mwenzangu wa kiume. Maelezo yetu yalikuwa yaleyale, majaribio tuliyasahihisha kwenye meza moja, na makaratasi tuliyarudisha asubuhi moja. Hata hivyo, kwenye kipengele cha kurudisha kazi kwa wakati alinizidi kwa zaidi ya nusu alama. Katika maoni, mimi niliyekuwa na shahada ya uzamivu niliitwa “madam”, na yeye aliyekuwa bado anaisomea aliitwa “dokta”. Tulicheka pamoja ofisini, kisha nikarudi nyumbani Shangani na kuanza kujilaumu, na muhula uliofuata nilijilazimisha kutabasamu hata nilipokuwa naeleza mgawanyo wa kinomali, jambo ambalo halina kichekesho chochote.

Laiti ningejua mapema kwamba jambo hilo limeshapimwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofanyika kwenye kozi ya mtandaoni ya chuo kikuu kimoja cha North Carolina nchini Marekani, wakufunzi wasaidizi wawili, mwanamke na mwanamume, kila mmoja alifundisha kundi moja kwa jina lake na kundi jingine kwa jina la mwenzake. Kazi zilirudishwa kwa wakati uleule, lakini kwenye upesi aliyedhaniwa kuwa mwanamume alipewa 4.35 kati ya 5 na aliyedhaniwa kuwa mwanamke 3.55. Wanafunzi walikuwa 43 tu, na kwa taaluma yangu siwezi kuegemeza hoja nzima juu ya idadi hiyo. Lakini mwaka uliofuata ulichapishwa uchambuzi wa tathmini zaidi ya 23,000 kutoka Ufaransa, ambako hasa wanafunzi wa kiume waliwapendelea walimu wa kiume, ilhali matokeo ya mtihani wa mwisho hayakuonyesha kwamba walimu hao walifundisha vizuri zaidi. Tena si jinsia pekee. Huko Ujerumani, katika utafiti wa mwaka 2018, vikundi vya wanafunzi wa udaktari wa tiba vilivyowekewa biskuti za chokoleti viliwapa walimu wao alama za juu zaidi, na hata vitini vikaonekana bora. Simshauri mtu abebe korosho za kukaanga siku ya kujaza fomu, ingawa msimu ukifika kishawishi si kidogo.

Kosa langu la pili ndilo linalonisuta zaidi. Nikiwa mkuu wa idara nilimwandikia mhadhiri kijana barua ya kujieleza kwa sababu wastani wake ulikuwa wa mwisho katika idara. Alikuja na barua mkononi, akaniuliza kwa adabu, “Mama, ni wanafunzi wangapi waliojaza?” Sikuwa nimetazama. Walikuwa 11 kati ya 94, na maoni yao karibu yote yalihusu lafudhi yake ya Kanda ya Ziwa. Nilipokwenda kukaa kiti cha nyuma darasani kwake, nilikuta mtu anayefafanua kanuni hatua kwa hatua, akirudi nyuma kila anapoona nyuso zimekunjamana. Barua niliifuta, lakini usingizi aliokosa kwa wiki mbili sikuweza kumrudishia.

Kwa hiyo, wewe uliyeajiriwa juzi, anza na idadi ya waliojaza, kisha tazama alama zilivyotawanyika, na wastani uutazame mwisho. Pale ambapo mfumo haumwonyeshi mwanafunzi matokeo yake mpaka ajaze fomu, tarajia wengi wabofye tatu kuanzia juu hadi chini wakiwa na simu mkononi na hofu ya sapu, yaani mtihani wa marudio, moyoni. Katika maoni, tenga yale ambayo mwanafunzi ameyashuhudia na yale asiyo na uwezo wa kuyapima. Akisema hukufika darasani mara tatu, au mwandiko wako hausomeki, huyo ni shahidi na umsikilize. Akisema hulijui somo, hilo mwachie mwenzako wa fani, ambaye unapaswa kumwomba aingie darasani kwako na aandike alichokiona.

Mimi sisubiri tena fomu ya mwisho wa muhula. Wiki ya sita nagawa vipande vya karatasi visivyo na jina, vyenye swali moja tu: ni kitu gani kinakuzuia kuelewa? Muhula uliopita vingi vililalamikia jambo moja, kwamba kipindi cha saa nane mchana feni za nyuma hazizunguki na ngurumo ya jenereta inameza sauti yangu. Niliomba kipindi kihamishiwe saa mbili asubuhi, na nakala ya barua hiyo nikaibana pamoja na vile vikaratasi kwenye faili ambalo nitalipeleka mbele ya kamati ya kupandisha vyeo, juu ya ukurasa wenye wastani.