Nilisema kwa laivu narudi Jumapili, nikapata nyumba tupu

SWALI: Shangazi hujambo, mimi ni msusi hapa Kondele, Kisumu, na TikTok nina wafuasi 18,000 ndio wananiletea wateja. Juzi nilienda harusi Nakuru nikawa laivu tangu nikiwa stage ya matatu, mtu akaniuliza kwa komenti mnarudi lini, nikajibu Jumapili jioni. Kurudi, tivi, mashine ya kukausha nywele na wigi za wateja hakuna. Kufuli halijavunjwa, ufunguo huwa naacha chini ya chungu cha maua. Askari alicheka akasema nilijitakia. Nashuku kijana mmoja wa ploti yetu, nataka nimposti mashabiki wangu wamjue. Nifanye hivyo?

JIBU: Pole sana mwanangu, na huyo askari alikukosea kabisa. Kuibiwa si adhabu ya kujulikana. Mwaka wa 2016 Kim Kardashian, yule staa wa tivi wa Marekani, alifungwa kamba hotelini Paris, Ufaransa, na watu wenye bunduki, wengine wamevaa jaketi za polisi, wakaenda na vito vya mamilioni ya dola. Kiongozi wao alikuja kusema habari za hivyo vito walizitoa tu kwa intaneti. Watu walimsimanga sana, ati kwa nini anaonyesha pete yake, lakini Mei 2025 mahakama ilipata watu 8 na hatia na yeye hakuwa mmoja wao.

Sasa hiyo komenti. Mtu aliuliza mnarudi lini, si harusi ni ya nani, si nguo umeshonea wapi, lini tu. Pengine ni shabiki wa kweli, sijui, lakini piga skrinshoti leo hii kabla haijafutwa, jina la akaunti lionekane na tarehe pia, upeleke kituoni pamoja na risiti ya tivi na ile namba iliyoandikwa kwa boksi yake. Usiondoke bila namba ya OB, kile kitabu cha polisi cha kuandikia ripoti, na askari akicheka tena omba kumuona OCS, mkuu wa kituo.

Kijana wa ploti usimposti, nakuomba sana. Huna ushahidi, una shaka tu, na hapa kwetu unajua vile neno "mwizi" linatembea haraka kuliko nduthi, watu 18,000 wakiona uso wake na mmoja akamkuta jioni na mawe mkononi, utasema nini kwa mamake?

Kuposti endelea, ni kazi yako, ila harusi tuonyeshe ukisharudi nyumbani. Kule Los Angeles, 2008 na 2009, vijana walikuwa wanaangalia kwa intaneti staa gani amesafiri ndio waingie kwake, na kwa mmoja wa mastaa hao, Paris Hilton, waliingia mara kadhaa, ufunguo waliupata chini ya mkeka wa mlangoni. Wako ulikuwa chini ya chungu, na kama mwizi aliuchukua akaurudisha pale, huenda tayari ana kopi. Nunua kufuli jipya leo, kabla hata ya kwenda kituoni.