Aanze kwa kutembea

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza mtu aliyevuka miaka 40, ambaye hajafanya mazoezi tangu atoke shuleni, aanzeje bila kujiumiza. Jibu langu ni kwamba aanze kwa kutembea, na asubiri wiki kadhaa kabla ya kujiunga na klabu ya jogging ya mtaani kwake.

Sizibezi klabu hizo, kwani hapa Dar es Salaam ndizo zilizowatoa wengi kitandani alfajiri ya Jumapili. Taabu ni kwamba mwendo hupangwa na vijana walio mbele, na mtu mzima, kwa kuona haya kuachwa, hujilazimisha hadi mwisho, akala supu yake, kisha akakaa kitini hadi Jumapili nyingine huku magoti yakimuuma. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unashauri dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2. Kiwango hicho cha chini ni nusu saa kwa siku 5, na sehemu yake hupatikana kwa kushuka daladala vituo viwili kabla ya nyumbani. Misuli nayo haihitaji gym: kuinuka kitini na kukaa tena mara kadhaa bila kujishika kunatosha kuanzia.

Mazoezi huwa ya wastani pale unapoweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kuimba. Ukishindwa hata kumaliza sentensi, punguza mwendo, kundi liende.

Linalonikera zaidi ni wale wanaokimbia na majaketi mazito au kujifunga plastiki tumboni ili wapungue. Kinachotoka ni maji, na uzito hurudi mara wanapokunywa. Tena hewa ya pwani ina unyevunyevu mwingi, jasho hukauka polepole, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Kwa hiyo kati ya Desemba na Machi ni heri nguo nyepesi, maji ya kutosha, na kumaliza kabla jua halijapanda. Penye barabara isiyo na njia ya waenda kwa miguu, shika upande wa kulia ili uyaone magari yanayokujia.

Mwenye shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza. Anayetumia insulini apime sukari kabla ya kutoka, na abebe kitu kitamu mfukoni, kwa sababu mazoezi huishusha sukari, wakati mwingine saa kadhaa baadaye. Na yeyote atakayebanwa na kifua, kupata kizunguzungu au kuishiwa pumzi isivyo kawaida asimame hapo hapo na kupelekwa hospitali bila kuchelewa, hata kama amebakiza mita mia moja tu.

Msomaji wenu,
Temeke, Dar es Salaam