Isikuti Ikilia, Jukwaa Likatetemeka

Sisi mashabiki wa Ingwe (AFC Leopards) tukiruka uwanjani na ngoma za isikuti, nahisi jukwaa likitetemeka chini ya miguu. Nihame? (Shabiki, Kakamega)

Kutetemeka kidogo si kuanguka. Uzito wenu ulishapigiwa hesabu, kilo 500 hivi kwa kila mita ya mraba. Kinachompa mhandisi kazi zaidi ni mdundo. Mkiruka pamoja mnagonga mara mbili hivi kwa sekunde, na kila anayetua hugonga kwa nguvu inayozidi maradufu ya uzito wake. Jukwaa nalo lina mwendo wake wa kutikisika, kama bembea: ukiisukuma kwa wakati wake, hata mtoto ataipandisha juu. Ndiyo maana boriti hufanywa nene na nguzo zikasogezwa karibu, mwendo huo uwe wa haraka, mara 6 kwa sekunde au zaidi, usikutane na ngoma zenu.

La kuogopa ni uchakavu. Mwaka 2007, katika uwanja wa Fonte Nova mjini Salvador, Brazil, kipande cha jukwaa kuukuu kilitoboka mashabiki wakishangilia. Watu 7 wakafa. Ukiona zege limebanduka na nondo zenye kutu ziko nje, basi hama, na useme.

Mbona wameacha mwanya kati ya majukwaa? Au simiti iliuzwa? (Nakuru)

Hapo mnamsingizia fundi! Zege la mita 50 likipata joto la nyuzi 20 zaidi hurefuka milimita 10 hivi. Mwanya ukizibwa kwa simiti, litajipasua lenyewe.

Shule yetu inataka jukwaa dogo kwenye udongo mweusi. Tuchimbe futi ngapi? (Mwalimu, Ahero)

Namba hiyo sikupi, mwalimu, kabla udongo haujapimwa. Huo hufura mvua ikinyesha na kusinyaa kiangazi. Nguzo moja huinuliwa, jirani yake ikabaki, ngazi zikapasuka. Kwa kawaida huchimbwa wote na kuondolewa hadi kwenye ardhi ngumu, maji ya paa yakapelekwa mbali na msingi. Lipeni kipimo kwanza, mchoro baadaye.

Paa lisilo na nguzo mbele hushikwa na nini? (Kisumu)

Hushikwa kwa nyuma, kama mvuvi anavyoshika ufito wa ndoana. Ila upepo wa ziwani ukiingia chini yake hulisukuma juu, kwa hiyo bolti za nyuma hupigiwa hesabu ya kulivuta chini pia.