Moyo wa mtoto kwenda mbio baada ya dawa ya utulivu

Dada, nimekuelewa: kijana wako wa miaka 9 ameanzishwa methylphenidate, dawa ya ADHD (tatizo la kushindwa kutulia na kuzingatia), hapo Kisumu, darasani sasa anatulia, lakini ukimwekea mkono kifuani unahisi moyo ukienda mbio. Dawa hii huongeza mapigo, kwa kawaida chini ya 10 kwa dakika, na presha hupanda kidogo. Watoto wengi huivumilia vizuri.

Mhesabie mapigo kwenye kifundo cha mkono, dakika nzima, akiwa ameketi: kabla ya dozi, kisha saa mbili baadaye. Andika. Akiwa na homa ya malaria usilaumu kidonge, maana homa yenyewe hukimbiza moyo. Vinywaji vya kuongeza nguvu, hapana kabisa. Dawa ya kuzibua pua, muulize mfamasia kwanza.

Je, ana tatizo lolote la moyo, au kuna ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana? Hilo lilifaa kuulizwa kabla ya kidonge cha kwanza, ila hujachelewa. Mwambie daktari, huenda akaagiza ECG, kipimo cha umeme wa moyo.

Akizimia, hasa akicheza mpira, au akilalamika maumivu ya kifua, usimpe dozi nyingine. Mpeleke hospitali ya Jaramogi saa hiyo hiyo, usingoje kliniki.