Muulize Fundi: Maji yanaingilia wapi?

Mwezi Januari wasomaji huniuliza habari za injini kuchemka wakipanda Marangu. Masika ikishika, wote ni maji. Safari hii nimechagua barua tatu. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu najua wapo wengi wenye shida hiyohiyo, na wengi wameshaliwa hela.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu, nafundisha Kibosho na naishi Pasua. Nina Corolla 110 niliyouziwa na mwalimu mwenzangu alipostaafu. Tangu mvua zianze mwezi Machi, sakafu ya mbele upande wa abiria inalowa hadi kapeti inachuruzika. Cha ajabu, siku ambazo mvua imenikuta shuleni, mbele panakuwa na unyevu kidogo tu, ila nyuma ya kiti cha abiria nakuta dimbwi. Fundi wa kwanza alisema ni raba ya mlango. Nikanunua raba ya mtumba, haikusaidia. Wa pili alizungushia silikoni kioo chote cha mbele, maji yakaingia vilevile. Sasa anasema kuna matundu mawili tofauti, nimpe hela afungue gari zima. Asubuhi vioo vinajaa ukungu, na watoto ninaowapa lifti wanaziba pua kwa uvundo. Halafu nikiwasha feni inakwaruza, kuna kitu kinagonga ndani. Nifanyeje?
Mwalimu, Pasua, Moshi

JIBU: Marahaba, mwalimu. Hela kaa nazo kwanza.

Barua yako ina majibu yote, ila hao mafundi hawakukuuliza maswali. Nianze na hilo la mbele na nyuma. Barabara ya Kibosho ni mlima mtupu, na viwanja vya kule vimelala upande. Nahisi shuleni unaegesha pua ikitazama juu. Maji yanaingia mbele, yanateremka chini ya kapeti, yanapita chini ya kiti na kutuama nyuma. Pasua ni tambarare, kwa hiyo nyumbani yanabaki karibu na pale yalipoingilia. Tundu ni moja. Ukitaka kuhakikisha, siku mvua ikinyesha egesha shuleni pua ikitazama bondeni, uone kama nyuma patalowa.

La pili ni hiyo feni. Kwenye gari lako, lenye usukani kulia, feni ya hewa ya ndani imekaa upande wa abiria, nyuma ya kile kisanduku cha dashibodi unachowekea karatasi za bima. Hewa inavutwa kutoka nje, chini ya kioo cha mbele, pale waipa zinapolala. Pana plastiki nyeusi yenye vitundu, na chini yake pana mfereji wa bati unaopokea maji yote yanayoteremka kwenye kioo. Mfereji huo una njia za kutolea maji kulia na kushoto, yanaangukia nyuma ya magurudumu ya mbele. Njia zikiziba, mfereji unajaa. Ukijaa, maji yanafika kwenye mdomo wa hewa ya feni na kumwagikia ndani, miguuni kwa abiria. Gari nyingi za umri huo hazina chujio la hewa ya ndani, hivyo majani nayo yanapita moja kwa moja hadi kwenye feni. Hicho ndicho kinachokwaruza.

Sasa nikuulize: shuleni mnaegesha chini ya mjakaranda? Ningeweka dau kwamba ndiyo. Shule na ofisi za mkoa huu zimepambwa kwa miti hiyo, na maua yake ya zambarau ni mazuri sana kwa anayepita kwa miguu. Jani la mwembe ni kubwa, linakaa juu ya plastiki na unaliokota kwa mkono. Jani la mjakaranda lina vipande vidogovidogo kama punje za mchele, vinapenya kila tundu. Vinaanguka wakati wa kiangazi, maua yanafuata kwenye Oktoba na Novemba, vumbi letu linaongezewa juu yake, na masika ikija inakuta udongo umeshashindiliwa.

Fanya hivi. Gari likiwa mahali tambarare, fungua boneti, chukua jagi la maji na umimine taratibu kwenye hiyo plastiki ya waipa, kwanza upande wa dereva, kisha upande wa abiria. Mtu mwingine achuchumae nyuma ya gurudumu la mbele. Maji yanatakiwa kutoka upesi, pale karibu na bawaba za mlango. Yakitoka kwa matone, au yasipotoka kabisa ukayasikia yanabwabwaja ndani, umeshampata mwizi.

Kusafisha ni kazi ya saa moja au mbili kwa fundi mtulivu. Zitolewe waipa, itolewe plastiki. Klipu za plastiki za umri huu zinakatika ukizigusa tu, kwa hiyo nunua nyingine kabla hajaanza, la sivyo atakufungia kwa waya. Uchafu utolewe kwa mkono na kijiko, usisukumwe kwa presha ya maji, maana presha inaupeleka kwenye kona usikoufikia, au unaingia kwenye feni. Utashangaa kitakachotoka: tope jeusi laini, vikonyo vya maua, pengine na mche umeshaota. Kisha jagi tena, hadi maji yatoke bila kusita pande zote mbili. Ukiwa hapohapo, mwambie atoe na feni. Kwa kawaida inashikwa na skrubu chache kutokea chini ya dashibodi. Itikise, toa majani, tazama kama imeshika kutu.

Bati la mfereji lenyewe nalo likaguliwe. Udongo mbichi ukikaa juu ya bati miaka na miaka unalila. Ikiwa pametoboka, hapo atafutwe fundi wa bodi, akwangue kutu hadi bati safi, azibe kitaalamu na kupaka rangi.

Na kama jagi likionyesha kwamba mfereji ni mzima? Basi mtafute kwa mpira wa maji, ila kwa adabu. Si ile presha ya waosha magari, maana hiyo inapenyeza maji hata mahali ambapo mvua haifiki. Toa kapeti upande wa abiria, futa kavu, tandika magazeti sakafuni na uyapandishe hadi chini ya dashibodi. Mtu mmoja akae ndani na tochi. Wa nje aachie maji yatiririke tu, aanzie chini ya mlango, akae hapo dakika kadhaa, apande kwenye kona ya kioo, kisha paa. Ukianzia juu, maji yanateremka na kupita kila mahali, hutajua ni tundu lipi lililoyaingiza. Wa ndani asitazame dimbwi. Atazame tone la kwanza linatokea wapi, na alifuate kwenda juu.

Hapo uwe macho na mlango. Uliwahi kutengenezewa kioo kikikataa kupanda? Watu wengi hawajui kwamba mlango wa gari umetengenezwa maji yaingie ndani yake. Yanapita ubavuni mwa kioo na kutokea kwenye vitundu vya chini. Kinachozuia yasije kwako ni nailoni iliyobandikwa nyuma ya ubao wa mlango. Fundi wa vioo akiichana na kuitupa, au akiirudisha bila gundi, maji yanafuata ubao hadi kwenye kapeti. Ubadilishe raba hadi uchoke, haitasaidia. Alama yake ni kwamba kapeti inaanza kulowa ukingoni mwa mlango, wakati ya mfereji wa waipa inaanza juu, chini ya dashibodi. Dawa ni nailoni nzito, gundi nzuri kuizunguka yote, na kuzibua vile vitundu vya chini kwa kijiti.

Kuhusu silikoni, mwalimu, naomba unisikilize. Silikoni nyingi za madukani, zile zinazonuka siki zikiwa mbichi, zinatoa asidi wakati zinakauka, na asidi hiyo inachokoza kutu kwenye bati. Tena rangi haishiki juu yake, wala gundi nyingine. Kioo cha gari kina gundi yake ya poliurethani, na ili ifanye kazi kioo hutolewa, kutu ikasafishwa, kikarudishwa. Anayekuzungushia silikoni kwa nje bila kukuonyesha tone linapoingilia anakuuzia siku chache za matumaini. Hiyo aliyoweka ikwanguliwe yote.

Ukishaziba, kazi bado nusu. Chini ya kapeti kuna sponji, na sponji hiyo inakaa na maji wiki nyingi huku juu ukigusa unaona pakavu. Ndiyo inayonuka, na ndiyo inayojaza ukungu kwenye vioo. Toa kiti, toa kapeti yote, ianike juani imegeuzwa. Ukiona soketi ya njano chini ya kiti au popote, usiichomoe kabla hujatoa terminali ya betri na kusubiri kidogo, maana rangi hiyo ni ya mfumo wa eabegi na mikanda. Kapeti ikiwa nje, gonga sakafu kwa nyuma ya bisibisi. Bati zima linalia, lililooza linabonyea. Kagua na soketi za waya zinazopita pale chini, zenye ukungu wa kijani zisafishwe. Marashi ya kuning'iniza kwenye kioo usinunue.

SWALI: Fundi habari. Nina Noah, napiga safari za Arusha na Monduli. Abiria wa siti za nyuma wanalalamika wanadondokewa na maji mabegani, na mkanda wa siti unakuwa mbichi. Milango nimeangalia, iko safi.
Dereva, Arusha

JIBU: Kaka, hujasema, lakini Noah ya safari hizo bila keria ya juu sijaiona. Aliyeifunga alitoboa paa? Kama alitoboa, tundu lako liko hapo. Mzigo unatikisa keria barabarani, bolti inalegea, maji yanafuata uzi wa bolti, yanatembea juu ya kitambaa cha dari na kuteremka kwenye nguzo ya mlango. Vuta mkanda hadi mwisho: ukiona mstari wa doa, ujue yametoka juu. Fungua bolti zote, kwangua kutu, paka rangi ya kuzuia kutu, weka washa za mpira na gundi ya kuzibia bodi ndipo ukaze. Pitisha macho pia kwenye ile mifereji miwili ya paa, chini ya ukanda wa plastiki. Gundi ya kiwandani ikizeeka inapasuka.

SWALI: Mzee, mimi gari langu linalowa miguuni kwa abiria hata kiangazi. Je, ni hiyohiyo?
Msomaji, Sanawari, Arusha

JIBU: Hapana. Washa kiyoyozi robo saa gari likiwa limesimama, uchungulie chini. Kisipodondosha maji nje, mpira wake wa kutolea maji umeziba na yanarudi ndani. Uzibuliwe kwa waya laini au upepo kidogo. Lakini chovya kidole kwanza kwenye hayo maji. Yakiwa yanateleza, yana rangi na yananukia utamu, hayo ni ya rejeta, yanatoka kwenye hita. Usiyaonje, ni sumu. Angalia kiwango cha rejeta injini ikiwa imepoa, na usilitoe gari kwenda Namanga kabla halijatengenezwa.