Mionzi Iliyokatizwa na Marufuku ya Safari

Swali: Mwaka 2020 mama yangu, mwenye saratani ya mlango wa kizazi, alikwama Kilifi kabla ya kumaliza tiba ya mionzi aliyoianzia Nairobi. Je, kukatizwa kule kulimdhuru?

Jibu: Pole sana, ndugu msomaji. Aprili 2020 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku safari za kuingia na kutoka Nairobi, Mombasa, Kilifi na Kwale ili kuzuia korona, wakati kaunti nyingi hazikuwa na mashine za mionzi. Tiba hiyo hupaswa kukamilika ndani ya wiki 8 hivi, kwa kuwa seli za saratani zilizosalia huendelea kugawanyika inapokatizwa, na ufanisi wake ukapungua. Kiasi cha madhara kwa mama hukadiriwa na daktari wake pekee. Mpelekeeni tarehe zote za matibabu, na msicheleweshe uchunguzi wa ufuatiliaji.