Bosi anataka "asidi kali"

Swali: "Mwalimu shikamoo. Niko maabara ya kiwanda cha bia hapa Dar, tunapima hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu. Kwenye ripoti ya Kiswahili niandike asidi chungu au asidi kali? Bosi anataka kali."

Marahaba. Mwambie bosi hapana, halafu niachie mimi maana hili neno kali nina ugomvi nalo wa miaka. Pilipili kali, ndimu kali, jua kali, kisu kikali, mbwa mkali, mwalimu mkali (huyo mimi), siku hizi hata wimbo ukiwa mzuri ni mkali, sasa na uchungu nao tukiutupia humo humo ulimi utabaki na kazi gani? Nenda Kariakoo kwa muuza kahawa, yule mwenye birika juu ya mkaa, mwambie nataka kahawa kali, atakukolezea. Mwambie kahawa chungu, anakumiminia isiyo na sukari kwenye kikombe kidogo na kashata anakusogezea. Mzee hajasoma isimu wala kemia ila kashata anajua ni ya uchungu, ukali haumhusu.

Kwenye maabara ndio balaa kabisa. Asidi kali kwa wakemia ni jina lenye mwenyewe, kama ile ya kwenye betri ya gari. Asidi alfa za hopsi, zile zinazozaa uchungu wa bia, yani humuloni na ndugu zake, ni dhaifu, bosi akiandika kali kuna kijana atakimbilia glavu. Na mnywaji akisikia bia kali anawaza kilevi, wakati nyie mkiipima bia kwa mwanga wa nanomita 275 mnatafuta uchungu, yuniti 1 ya uchungu ni kama miligramu 1 ya iso-alfa (asidi alfa ikishachemshwa) kwa lita, kilevi hakimo.

Asili yake? Chungu na kali yote maneno ya Kibantu, shubiri tunayoifananisha na uchungu ndio neno lililotoka Uarabuni, tuendelee.

Ila na wewe hujapona. Asidi alfa ikiwa bado haijachemshwa haina uchungu wa kukunja uso, mpaka ichemke kwenye sufuria la bia igeuke iso-alfa. Kwa hiyo andika asidi za uchungu, yani zinazoleta uchungu, na kwenye jedwali la iso-alfa ukiandika chungu sikugombezi. Bosi aking'ang'ana na kali yake mwache aiagize jioni baa, huko simzuii.